Kengele ya Karligach

Samaki mkunje angali mbichi. Hivyo ndivyo wasemavyo watu. Nyumbani kwa Bubusara mambo yalikwenda kinyume. Samaki mbichi alikaa kitako akitazama, na aliyekunjwa alikuwa mkavu wa miaka sitini na mmoja. Tena alikunjika vizuri, wala hakuvunjika.

Bubusara alikuwa mjane. Aliishi katika mji wa Narin, ghorofa ya nne, pamoja na mwanawe na Aidai, mke wa mwanawe. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, na siku nyingi alikuwa njiani. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili. Kila asubuhi Aidai alikwenda kufundisha shuleni. Bubusara alichemsha chai ya maziwa, akakanda unga wa mkate, kisha akakaa dirishani kutazama milima yenye theluji. Huko alikuwa ameishi miaka arobaini na mumewe, Sadirbek.

Sadirbek alikuwa mwindaji. Mbwa wake walikuwa taigan, wale mbwa warefu, wembamba, wenye masikio ya manyoya na mbio za upepo. Katika milima ile mtu anaweza kusahau jina la binamu yake, lakini hasahau jina la taigan wa Sadirbek. Alipofariki aliacha mbwa jike mmoja tu. Mwezi wa kwanza mbwamwitu wakamuua mbwa huyo, naye akaacha mtoto mmoja.

Mtoto huyo aliletwa mjini na Turgunbek, mdogo wake marehemu, akiwa amemficha ndani ya koti lake la ngozi. Alikuwa na wiki nane. Alikuwa mweusi, na kifuani alikuwa na doa jeupe. Bubusara alimwita Karligach, yaani mbayuwayu.

"Shemeji, huyu ndiye wa mwisho," alisema Turgunbek. "Kwangu baridi itamuua. Kaa naye mpaka Noruzi. Lakini nikija nikamkuta ananyea nyumba, namchukua nampa mtu mmoja wa Jumgal. Ameniomba mara mbili."

"Mbwa wa mume wangu aende Jumgal?" aliuliza Bubusara.

"Basi mfunze."

Akamwachia pia chupa ya dawa ya minyoo. Ilikuwa dawa ya kondoo. Turgunbek alisema haidhuru, kwani tumbo ni tumbo.

Noruzi, mwaka mpya wa machipuko, ilikuwa wiki sita mbele. Bubusara aliona ni muda mwingi. Yeye alikuwa amelea mbwa kumi na mmoja, na hakuna aliyemshinda.

Siku ya kwanza Karligach alikojoa jikoni. Siku ya pili alikojoa mlangoni, kitandani, na ndani ya kiatu. Siku ya tatu alinya juu ya zulia la manyoya ambalo mama yake Aidai alilishona kwa mikono yake miaka miwili, likawa zawadi ya harusi. Kila mara Bubusara alimkamata shingoni, akamsukuma pua kwenye uchafu, akampiga kwa fagio. Kila mara Karligach alilia, akajificha chini ya kabati. Halafu akakojoa huko chini ya kabati.

Siku ya nne Aidai alirudi kutoka shuleni akakuta maji ya njano karibu na mswala wa mama mkwe wake. Alisimama pale mlangoni na buti zake mguuni.

"Mama, mimi sina ugomvi na mbwa," alisema polepole. "Lakini nyumba hii tunasali. Na lile zulia nimelifua mara tatu, bado linanuka. Baba mdogo amesema Noruzi. Na mimi nasema Noruzi."

Bubusara aliona aibu, na yeye hakuwa amezoea aibu. Usiku ule aliwaza sana, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mbwa wote kumi na mmoja walilala nje. Milimani mbwa haingii ndani ya hema, na bonde zima ni choo chake. Kwa hiyo yeye, mke wa Sadirbek, hakuwa amewahi kumfundisha mbwa hata mmoja mahali pa kukojoa. Hakujua hata pa kuanzia.

Asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Sabira, jirani wa chini kabisa, mwanamke mfupi mwenye sauti nene. Sabira alikuwa amestaafu baada ya kulea mbwa wa walinzi wa mpaka kwa miaka ishirini na miwili. Alisema amekuja kwa sababu ya kelele.

"Siku nne nasikia mtoto wa mbwa analia," alisema. "Nikajiambia, ama wanamchinja ama wanamfundisha."

"Namfundisha," alisema Bubusara.

"Anajifunza?"

"Anajifunza kujificha."

Sabira alicheka, akavua viatu, akaketi. Bubusara akamwekea chai na boorsok, yale maandazi madogo ya moto. Sabira alikula matatu kwanza, kisha akaanza kueleza.

Alisema mtoto wa mbwa wa wiki nane hana kiburi wala ukaidi. Kibofu chake ni kidogo kama yai la kuku. Hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili au tatu. Ukimpiga baada ya kukojoa, hajui anapigwa kwa kosa gani. Anachojua ni kwamba mtu huyu ni hatari, na kwamba kukojoa mbele yake si salama. Ndiyo maana anakimbilia chini ya kabati.

"Na kumsukuma pua?" aliuliza Bubusara.

"Wewe uliwahi kusukumwa pua kwenye nepi yako?"

Bubusara akamjazia kikombe cha pili.

"Usimfunze kosa, dada. Mfunze lililo sawa, umlipe hapohapo," aliendelea Sabira. "Akiamka, mtoe nje. Akimaliza kula, mtoe. Akimaliza kucheza, mtoe. Katikati ya hayo, kila saa mbili mtoe. Mpeleke mahali palepale kila siku. Simama, nyamaza, subiri. Akimaliza tu, msifu na umpe kipande cha nyama. Papo hapo, si baada ya kupanda ngazi. Ukichelewa, atadhani amelipwa kwa kupanda ngazi."

Bubusara alisema ghorofa ni nne na magoti yake ni mawili. Sabira akajibu kwamba magoti ya mwindaji yalipanda milima, basi ya mke wake yatashuka ngazi. Kisha akaongeza jambo kubwa. Karligach hakuwa amechanjwa. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa asikanyage njia wanakopita mbwa wengine, kwa maana magonjwa yanayoua hukaa kwenye udongo na kinyesi chao. Lakini Sabira alikuwa na kiuga kidogo nyuma ya nyumba yake, kimezungushiwa uzio, na hakuna mbwa aliyeingia humo tangu alipokijenga. Wangetumia hicho.

Siku ileile walianza. Aidai aliandika saa za kutoka kwenye karatasi kubwa, akaibandika mlangoni. Kwa mahali pa kulala walichukua kasha la tufaha, wakatandika kipande cha zulia kuukuu. Kasha lilimtosha Karligach kujigeuza na kujinyoosha, basi. Sabira alisema mbwa hapendi kuchafua anapolala. Chumba cha kusalia kilifungwa mlango, na mbwa hakuruhusiwa kuingia. Aidai alifurahi kuliko alivyoonyesha.

Zulia la harusi lilioshwa upya, safari hii kwa maji ya uvuguvugu na siki. Sabuni yenye manukato haikuwa imeidanganya hata pua ya Aidai. Pua ya mbwa ilikuwa bado inasoma pale: hapa ni chooni.

Mwisho Bubusara alifungua sanduku la marehemu, akatoa kengele ndogo ya shaba. Sadirbek alikuwa akimvalisha kondoo dume wake aliyeongoza kundi. Akaitundika kwa kamba ndefu kwenye kitasa cha mlango, chini, usawa wa pua ya mbwa. Kila walipotoka, aliigusisha kwenye pua ya Karligach. Ikalia, mlango ukafunguliwa. Wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe. Sabira alilitazama, akasema hata mpakani hawakuwa na kengele.

Siku sita mambo yalikwenda vizuri. Uchafu wa ndani ulipungua, kutoka mara saba kwa siku hadi mara mbili. Bubusara alijifunza kumtazama. Akinusa sakafu na kuzunguka kama anayetafuta sindano, hapo hapana kuuliza, ni kumbeba na kukimbia. Watoto wa ghorofa ya pili walizoea kusimama kando wakimwona bibi anashuka na koti limefungwa kifungo kimoja. Mmoja alimwita bibi wa zimamoto. Bubusara alimjibu kuwa zimamoto huzima kwa maji, na yeye alikuwa anawahi kabla maji hayajatoka.

Siku ya saba aliona tumbo la Karligach limevimba. Kwenye kinyesi chake aliona minyoo. Sabira alikuwa palepale chini, lakini Bubusara hakumuuliza. Minyoo aliijua. Miaka arobaini aliwanywesha kondoo dawa. Akatwaa chupa ya Turgunbek, akamimina kijiko kimoja, kipimo cha mwanakondoo, akamnywesha.

Mchana Karligach alianza kuyumba. Miguu ya nyuma ilipishana. Mate yalimtoka kama uzi. Aligonga ukuta kwa kichwa, akaanguka, akatetemeka.

Bubusara alimbeba hadi kwa Sabira bila koti, bila viatu vya nje. Hakulia. Alisema maneno manne tu: "Nimempa dawa ya kondoo."

Sabira hakumlaumu. Alichukua simu, akaiweka mbele yake. Alisema yeye anajua kufunza, si kutibu. Sasa anatakiwa daktari, na si kila anayeitwa daktari anamfaa mbwa. Akampa neno moja la kushika: msikilize kama anauliza kabla ya kujibu.

Bubusara alimpigia kwanza mtu aliyeuza dawa za mifugo sokoni. Mtu huyo hakuuliza hata mbwa ana umri gani. Alisema alete mbwa, atamchoma sindano mbili, na kabla ya hapo amnyweshe maziwa mengi yatakayokata sumu. Sabira akatikisa kichwa.

Kisha alimpigia Jumabai, daktari wa mifugo aliyewatibu kondoo wao miaka mingi. Mzee Jumabai alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nitakuambia kweli," alisema. "Kondoo nawajua, ng'ombe nawajua, farasi nawajua. Mtoto wa mbwa aliyekula sumu simjui vya kutosha. Nikimgusa nitakuwa nabahatisha. Mpigie Asilkan, karibu na kituo cha mabasi. Yeye amesomea mbwa."

Daktari Asilkan alipopokea simu aliuliza maswali sita mfululizo. Mbwa ana uzito gani? Ana umri gani? Amekunywa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi? Anaweza kumeza sasa? Akasema asipewe maziwa, asilazimishwe kutapika, afunikwe apate joto, aletwe sasa hivi. Na chupa ya dawa ije pamoja naye.

Sabira alisema, "Huyo."

Chumba cha Daktari Asilkan kilikuwa kidogo na safi. Palikuwa na mzani, meza iliyofutwa mbele ya macho yao, na jokofu lenye chanjo tu, bila nyama wala siagi. Daktari alikuwa kijana kuliko Aidai. Alimpima Karligach uzito kabla ya kugusa dawa yoyote. Alisoma chupa, akapiga hesabu kimyakimya, akasema kijiko kile kilikuwa dawa ya wanyama wanane wa uzito huu. Alimtundikia maji ya mshipa. Alisema hawezi kuahidi. Kama akipita kesho mchana, atapona.

Bubusara alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya meza. Aliweka kidole chake mbele ya pua ya mbwa ili asikie pumzi. Huyu ndiye wa mwisho, aliwaza. Mume wangu alilea ukoo huu miaka thelathini, na mimi nimeuweka kwenye kijiko.

Kesho yake mchana Karligach aliinua kichwa, akamlamba kidole.

Alipopata nguvu ya kusimama, Daktari Asilkan alieleza mengi kwa maneno machache. Dawa ya minyoo ya mbwa hupimwa kwa uzito wa mbwa, tena ni dawa ya mbwa. Mbwa mgonjwa hachanjwi. Arudi baada ya wiki mbili akiwa mzima apate chanjo ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya kichaa cha mbwa. Halafu aliuliza mbwa anakula nini. Bubusara akasema uji, mifupa, na mapafu mabichi ya kondoo kutoka kwa mchinjaji, kama mbwa wote wa milimani.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema mapafu na maini mabichi ya kondoo ndiyo nyumba ya mnyoo mmoja mdogo mno. Mbwa anaula, anabeba mayai yake, anamlamba mtu, na mtu anaota uvimbe kwenye ini lake. Nyama hizo zichemshwe sana, au mbwa asipewe. Na kila mtu anawe mikono baada ya kumshika mbwa.

Bubusara alimkumbuka dada yake, aliyepasuliwa ini mara mbili. Hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini.

Mwisho daktari alifungua kijitabu kipya cha chanjo. Akauliza jina la mbwa, akaandika. Akauliza jina la mwenye mbwa.

Mbwa wote kumi na mmoja walikuwa wa Sadirbek. Bubusara alinyoosha mgongo.

"Bubusara," alisema. "Andika kwa herufi kubwa."

Wiki zilizobaki alishika saa za karatasi ile. Alishuka ngazi kukiwa na theluji, alishuka kukiwa na tope. Mara mbili alijisahau, na Karligach akakojoa jikoni. Bubusara hakumpiga. Alifuta kwa siki, akajilaumu mwenyewe, akatazama saa vizuri zaidi. Wiki ya nne, wakati anakanda unga, alisikia kengele. Aligeuka. Karligach alikuwa amesimama mlangoni, anaipiga kwa pua yake mwenyewe. Bubusara alishuka ghorofa nne na unga mikononi, na chini akamsifu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

Noruzi ilipofika, wanawake wa jengo walikusanyika uani kukoroga sumolok, ule uji mtamu wa ngano unaochemka siku nzima. Huko Bubusara alisimulia yote. Alisema dawa ya kondoo nusura imuue mbwa wake. Alisema ni nani aliyempa chupa, na ni nani aliyeshika kijiko. Wanawake wenye kaka na waume milimani walipiga simu papo hapo.

Kwa hiyo Turgunbek alipofika saa tisa alasiri, alikuwa amekwisha kusikia. Aliketi kwenye zulia la harusi, ambalo halikuwa na harufu yoyote. Hakulisifu. Alikunywa chai, kisha akaanza. Alisema ametukanwa bonde zima. Wachungaji wanamwita Daktari Tumbo-ni-Tumbo. Alisema kaka yake hakuwahi kumpeleka taigan kwa daktari, wala kumlaza ndani kama bibi harusi, wala kutangaza mambo ya familia kwenye chungu cha wanawake.

Bubusara alimsikiliza akimjazia kikombe. Alikuwa anafungua mdomo kujibu, mara kengele ya shaba ikalia mlangoni.

"Ngoja, shemeji," alisema akiinuka. "Mwenye nyumba ana haja."

Turgunbek alikwenda dirishani. Aliwaona chini, mbwa mweusi mwenye doa jeupe kifuani na mwanamke mwenye magoti mabaya. Mbwa alikwenda moja kwa moja penye kona yake, akamaliza, akatazama juu kupokea sifa. Kisha akakimbia kuuzunguka uzio mara moja, na mbio zile Turgunbek alizijua. Aidai, aliyekuwa akitoa vikombe, alisema bila kuulizwa kwamba mbwa huyu haendi Jumgal.

Bubusara aliporudi, Turgunbek alikuwa amekwisha kushusha sauti.

"Mbwa ni wa hapa, nimekubali," alisema. "Ukoo wa kaka umepata mahali. Lakini mimi ni mdogo wa mumeo. Uniombe radhi kwa yale uliyosema uani, mbele ya Aidai, tuishie hapo."

Bubusara alinawa mikono, akaikausha taratibu. Akachukua kijitabu cha chanjo kutoka rafuni, akakiweka mbele ya Turgunbek, upande wenye jina lake kwa herufi kubwa.

"Kijiko nilikishika mimi, na hilo pia nilisema," alijibu. "Leo asubuhi mke wa Kubat, yule mchungaji, amempigia mumewe simu. Kubat alikuwa na chupa ya dawa ya kondoo mkononi, na watoto wanne wa mbwa miguuni. Wako hai. Wewe kunywa chai yako, shemeji, na ukipanda mlimani waambie wengine. Mimi siombi radhi."